Kisiwa cha Chumbe: Mlinzi Asiye na Bunduki

Katika kijarida chetu tunazoea kuzungumza juu ya likelemba, homa ya watoto na bei ya unga. Leo naomba mnifuate mbali kidogo, mpaka kwenye kisiwa kimoja cha bahari ya Hindi kinachoitwa Chumbe, karibu na Unguja. Nilifika huko mwezi wa nane, wakati wa likizo kubwa, na niliyoyaona yanatuhusu sisi wa Lubumbashi, hata kama hatuna bahari.

Nusu ya njia wengi wenu mnaijua. Ni ile ya mama wachuuzi: Kasumbalesa, Zambia yote, Tunduma, halafu Dar es Salaam. Yaya wangu huenda Kariakoo kununua vitenge na viatu vya watoto, na safari hii aliomba nimsindikize kwa sababu magoti yanamsumbua. Alipomaliza manunuzi tulipanda meli ya kwenda Unguja, kama saa mbili hivi juu ya maji. Huko ana rafiki wa biashara ambaye binti yake ni mwalimu kama mimi. Wiki ile kalasi yake ya sekondari ilikuwa na zamu ya kwenda Chumbe kujifunza, naye akaniombea nafasi katika boti.

Chumbe ni kisiwa kidogo, urefu wake kama kilometa moja tu. Ukisimama katikati unasikia mawimbi ya pande zote mbili. Hakuna kijiji, hakuna soko, hakuna gari. Kuna mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904 ili kuongoza meli, na msikiti mdogo wa zamani aliosalia mtunza taa na jamaa yake. Sehemu iliyobaki ni msitu uliosimama juu ya mawe ya matumbawe, na upande wa magharibi kuna mwamba wa matumbawe ndani ya maji. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba ule kuwa hifadhi: hakuna kuvua, hakuna kutia nanga, hakuna kuokota hata kombe moja. Kazi ya kuitunza ilipewa kampuni ya watu binafsi iliyoanzishwa na mama mmoja wa Ujerumani, Sibylle Riedmiller, kwa sharti kwamba faida ya utalii irudi katika ulinzi na katika mafundisho ya watoto wa masomo.

Mlinzi wetu

Tulipokelewa na mlinzi, baba wa makamo, miguu mitupu, miwani ya kuzamia imening'inia shingoni. Kwetu Katanga ukisema mlinzi wa mbuga, mtu anafikiri mara moja bunduki. Huyu hakuwa na bunduki. Alikuwa na fimbo ya kuonyeshea, daftari la kuandikia mambo ya siku, na mdomo mzuri wa kufundisha. Wote wa Chumbe wako hivyo, hawabebi silaha. Mvuvi akikaribia na nyavu, wanamfuata kwa mtumbwi, wanamsalimia, wanazungumza naye.

Na wanajua kuzungumza naye kwa sababu walinzi wa kwanza wa kisiwa walikuwa wenyewe wavuvi. Waliajiriwa kutoka vijiji vya pwani, wakafundishwa majina ya samaki na ya matumbawe, namna ya kuokoa mtu majini na namna ya kuongoza wageni. Mtu aliyejua samaki kwa bei yake sokoni alianza kumjua kwa maisha yake: anakula nini, analala wapi, anazaa lini. Kama mwalimu, hilo ndilo lililonigusa kwanza. Ujuzi wake wa zamani haukutupwa, ulijengewa juu yake.

Tulianza kwa msitu. Njia ni nyembamba, chini ni mawe makali kama wembe, na mizizi ya miti imeshika mawe kama vidole vinavyoshika donge la bukari. Hakuna mto wala kisima kisiwani, kwa hiyo kila mti unaishi kwa mvua na umande. Nyumba za wageni, ambazo ni saba tu, nazo zinaishi vilevile: mapaa yake yanakusanya maji ya mvua na kuyaweka katika tangi chini ya sakafu, jua linatoa umeme, na choo hakitumii maji hata tone, kinageuza uchafu kuwa mbolea. Mama wa mitaa yetu ambako maji ya bomba hukatika siku tatu, mimi na ninyi, tungesimama mbele ya mapaa yale kwa muda mrefu kuliko mbele ya ndege.

Mlinzi akapiga magoti mbele ya shimo, akawasha tochi. Ndani alikaa kaa wa minazi. Watoto walirudi nyuma kwa kelele. Ni kaa mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu duniani, anaweza kufika kilo nne, anapanda mnazi na anapasua nazi kwa makucha yake. Mchana anajificha, usiku anatoka. Katika visiwa vingi ameliwa karibu kwisha, kwa sababu nyama yake ni tamu na hana mbio. Chumbe amebaki. Mwaka 1997 kisiwa kilisafishwa panya wote, maana panya hula mayai na vifaranga.

Mbele kidogo alituonyesha kinyesi kidogo cha paa nunga. Huyo ni swala mdogo ambaye ulimwenguni pote anapatikana tu Unguja na katika misitu michache ya pwani ya bara. Wachache waliletwa Chumbe ili wapate mahali pasipo mbwa na mitego. Hatukumwona. Mtoto mmoja akalalamika. Mlinzi akamjibu, "Usipomwona wewe, yeye amekuona. Hiyo ndiyo heshima yake."

Baadaye akaniuliza kwetu kuna wanyama gani. Nikamwambia kuna sokomutu. Watoto wakaangua kicheko: mtu wa sokoni? Ikabidi nieleze kwamba huko kwetu ndilo jina la yule wanayemwita sokwe. Basi siku nzima wakawa wananiita Mwalimu wa Sokomutu, na mimi nikawa nawafundisha kwamba ugali wao ni bukari.

Wasichana ndani ya maji

Mchana maji yalipotulia ikaja saa ya kuingia baharini. Nilidhani watoto wa kisiwa wote wanajua kuogelea. Si hivyo. Wavulana wengi wanajua, lakini wasichana wengi hawakufundishwa, ingawa mama zao huenda kila siku ufukweni maji yakitoka, kuokota pweza na kombe na kutunza mashamba ya mwani. Wanafanya kazi katika bahari mpaka magotini, chini ya hapo hawajapata kutazama.

Mwalimu mwenzangu hakuwalazimisha. Waliingia na ushungi wao na nguo ndefu, kila mmoja na koti la kuelea, wawili wawili wameshika boya ambalo mlinzi alilivuta polepole. Msichana mmoja mrefu alibaki boti akilia kwa hofu. Mlinzi alimwacha. Wenzake walipoanza kupiga kelele chini ya bomba za kuvutia hewa, akafuta machozi, akashuka, akashika boya kwa mikono miwili. Alipotoa uso majini alisema neno moja tu, "Mama!" Nikaona mwalimu wake anageuka upande wa pili kuficha macho.

Mimi nami niliingia. Nitawaeleza nilichoona kwa kadiri ninavyoweza. Wazeni shamba la maua, lakini maua ni mawe, na juu yake samaki wa njano, wa bluu, wenye mistari, wanapita kama watu wa soko la Kenya siku ya Jumamosi. Mtu akiona matumbawe anasema ni mawe. Kumbe ni wanyama, maelfu ya wanyama wadogo waliojenga nyumba pamoja, na ndani ya miili yao wanaishi vijimea vinavyowapa chakula na rangi. Hukua kwa polepole sana. Yale makubwa ya mviringo huongeza kama sentimeta moja tu kwa mwaka. Lililo na ukubwa wa sufuria ya matanga limeanza kabla nkambo zetu hawajazaliwa, na mtu akilikanyaga mara moja anaweza kuliua. Kwa sababu hiyo tuliambiwa: tazama kwa macho, mikono ibaki kwako.

Ulinzi hauzuii kila kitu. Bahari ikipata joto kupita kiasi, matumbawe hutoa vile vijimea, yanakuwa meupe, na joto likidumu yanakufa. Ilitokea mwaka 1998 katika bahari yote ya Hindi, ikarudia mwaka 2016. Mlinzi alituonyesha sehemu zilizokufa na sehemu zinazoanza tena. Alisema mwamba unaotunzwa hupona upesi kuliko mwamba uliopigwa nanga na nyavu. Ni kama mtoto anayekula vizuri: malaria itampata, lakini atasimama.

Hesabu ya samaki mama

Sasa nifike kwenye swali ambalo mama yeyote angeuliza. Kisiwa hiki kimewafungia watu riziki, wamepata nini?

Niliuliza hivyo hivyo, mbele ya watoto. Mlinzi hakukasirika. Alisema yeye mwenyewe alikuwa akiwauliza wenziwe zamani. Kisha akatoa hesabu. Samaki mama mdogo hutaga mayai machache, aliyekua akawa mkubwa hutaga mara nyingi zaidi. Mahali pote panapovuliwa, samaki hashikwi akiwa mkubwa, anashikwa kabla. Penye ulinzi anakua, anataga, na mayai na watoto wake hawajui mpaka, maji yanawabeba nje. Wavuvi wanaotega karibu na mpaka wa hifadhi wanavuna kile kinachofurika. "Hapa ni chumba cha uzazi," alisema. "Hakuna anayefanya soko katika chumba cha uzazi."

Huko Pemba, baadhi ya vijiji vimechukua wazo hilo bila mgeni na bila hoteli. Wanakijiji wenyewe wanafunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, hakuna kuokota pweza. Pweza hukua haraka sana, kwa hiyo siku ya kufungua wanaume na wanawake wanaingia pamoja na kutoa pweza wakubwa, wenye bei nzuri. Halafu wanafunga tena. Kazi ngumu ni kumzuia jirani asiibe usiku wakati wengine wanavumilia, na hilo halifanywi na mlinzi peke yake, linafanywa na watu waliokubaliana.

Niseme pia lile lisilopendeza. Mgeni wa kawaida hulipa Chumbe pesa ambayo mwalimu wa Lubumbashi hawezi kuitoa mfukoni. Mimi nilipita kwa mlango wa watoto wa masomo. Ndiyo namna yao: tajiri anayekuja kulala analipia siku ya mtoto asiyeweza kulipa. Mpango kama huo una udhaifu wake, maana ndege zikisimama, kama mwaka 2020 wakati wa Corona, pesa inakatika na walinzi wanabaki. Lakini nimeona kalasi nzima ya watoto wa kawaida wakitembea na kuogelea mahali ambapo watalii wanalipia sana, na hakuna aliyewatazama kama wageni katika inchi yao.

Na sisi?

Mama wapenzi, bahari yetu ni msitu wa miombo. Waulizeni wakubwa: miaka ya zamani mama wa Lubumbashi hakuhitaji kwenda mbali kuokota uyoga, masuku, mpundu na finkubala. Leo mama anayeuza finkubala sokoni anaamka usiku na kupanda lori, kwa sababu miti iliyokuwa karibu imekuwa makala katika mbabula zetu. Simlaumu mtu, kwangu pia tunapika kwa makala. Lakini finkubala hula majani ya miti ya miombo, kama mutondo. Mti ukikatwa, hakuna jani, hakuna finkubala mwaka ujao. Kuna wanaoangusha mti mzima ili kuokota wadudu walio juu. Na kikanda tunachopenda kinatoka katika viazi vya maua ya porini vinavyochimbwa na kwisha. Ni hesabu ile ile ya samaki mama.

Wanyama wakubwa nao, watoto wetu wanawajua kwa picha. Niliwahi kuuliza kalasi yangu ni nani aliyeona pundamilia. Mkono mmoja uliinuka, naye alikuwa amemwona katika televisheni. Hata hivyo pundamilia wa mwisho wa Kongo wanaishi katika jimbo letu la zamani la Katanga, katika hifadhi ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939. Na hifadhi ya Kundelungu, ya mwaka 1970, ina maporomoko ya Lofoi yanayoshuka zaidi ya mita 300. Watoto wanaojua Niagara katika vitabu hawajui Lofoi.

Na walinzi wetu hawawezi kuacha bunduki kama wale wa Chumbe. Mwezi wa Desemba 2012, msimamizi mkuu wa Upemba, Atamato Madrandele, aliuawa akiwa kazini. Rodrigue Katembo, aliyesimamia Upemba baadaye, alipewa mwaka 2017 tuzo ya Goldman inayotolewa kwa watetezi wa mazingira duniani. Nyuma ya kila mlinzi kuna mama na bibi wanaohesabu siku. Tukiwasikia redioni, tuwaombee kwa majina kama tunavyowaombea askari wengine.

Hata hapa mjini tuna pa kuanzia. Katika bustani ya wanyama ya Lubumbashi kuna makimbilio ya J.A.C.K., yaliyoanzishwa mwaka 2006 kutunza watoto wa sokomutu walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Mtoto wa sokomutu akionekana sokoni ndani ya kikapu, mjue mama yake ameuawa, maana hawezi kumtoa mgongoni akiwa hai. Mwezi wa Septemba 2022 watu waliiba watoto watatu katika makimbilio hayo, wakadai pesa ili wawarudishe. Tendo kama hilo, katika mji wetu.

Katika maziwa ya Afrika Mashariki, visiwa vimekuwa dawa ya jambo hilo. Katika kisiwa cha Rubondo, ndani ya ziwa Victoria upande wa Tanzania, kati ya mwaka 1966 na 1969 waliachiliwa sokomutu waliokuwa wamefungwa Ulaya. Wakazaana, na leo wajukuu wao ni wa porini kabisa, wageni wanatembea na walinzi siku nzima kuwatafuta. Kisiwa cha Ngamba, upande wa Uganda, tangu 1998 kinatunza mayatima wa sokomutu. Mayatima wetu bado wanasubiri msitu wa kurudia.

Jumamosi moja tu

Sisemi tukusanye pesa za kwenda Zanzibar. Nasema tufanye matembezi yetu, kila kikundi mara moja kabla masomo hayajawa mazito. Nimeona yanawezekana kwa mambo manne.

Kwanza, chagueni mahali. Bustani ya wanyama na J.A.C.K. ni karibu. Walio na njia ya gari waulize Mikembo, hifadhi ya miombo isiyo mbali na mji, au waende Kipopo penye miti na maji.

Pili, tafuteni mlinzi wenu. Asiwe lazima mwenye shahada. Nkambo anayejua uyoga wa kula na uyoga wa sumu, baba aliyekuwa mwindaji, mama anayejua mti wa finkubala, huyo ndiye. Mvuvi wa Chumbe alikuwa mwalimu kabla ya kuitwa mwalimu.

Tatu, makundi yawe madogo, watoto kumi kwa mkubwa mmoja, viatu vilivyofungwa, maji ya kunywa, mkate au viazi. Hakuna kuokota wala kuvunja. Kila mtoto arudi na mchoro mmoja na jina moja la mti kwa lugha ya nyumbani kwao, Kibemba, Kiluba, Kisanga au nyingine.

Nne, msiwaache wasichana lupango kwa sababu ya vyombo. Vyombo vitangoja mpaka jioni. Wakiogopa, waacheni waogope kidogo pembeni, kisha wawafuate wenzao.

Likelemba yetu ya mtaa imekubali kuanza Jumamosi ya pili ya Oktoba, mvua kubwa haijafika, kwa kwenda J.A.C.K. kwa miguu na basi. Nafasi zilizobaki ni kumi na mbili. Mama anayetaka kuleta mtoto amwambie katibu wa kikundi chake kabla ya mkutano ujao, na kila mtoto alete kalamu ya risasi na karatasi mbili.